Kurudi kusoma vitabu ukiwa na kazi ya kutwa

Dada, umesema unatoka Rongai alfajiri, unarudi saa mbili usiku, na vile vitabu vitatu vya kujiendeleza ulivyonunua Januari vimekwama ukurasa wa kumi. Uliza kwanza: ulipokuwa sekondari ukisoma kwa tochi chini ya blanketi, ulikuwa unasoma nini? Hadithi, bila shaka. Basi anza na hadithi. Vitabu vya kujiendeleza viweke kando kwa sasa. Mtu aliyechoka akipewa kitabu kinachomwambia ajitahidi zaidi, atasinzia tu.

Mimi nilirudi kusoma nikiwa ndani ya matatu. Asubuhi nakaa kiti cha ndani, simu naifungia mkobani (dirishani ingenyakuliwa hata hivyo), nasoma mpaka foleni ya Lang'ata iishe. Kurasa kumi, siku nyingine kurasa nne tu. Jioni sijilazimishi, kwa sababu akili imeshachoka na taa za gari ni hafifu. Kama gari linakutia kizunguzungu, tumia robo saa ya chakula cha mchana.

Usinunue vingi. Wauzaji wa vitabu vya mitumba barabarani katikati ya jiji la Nairobi hukubali kupatana bei. Tena Jumamosi moja ingia McMillan pale Banda Street, maktaba iliyofunguliwa 1931. Ina matawi Kaloleni na Makadara. Kaa tu, uone watu wakisoma kimya. Na kitabu kisipokushika kufikia ukurasa wa thelathini, kiache bila kujilaumu, uchukue kingine.