Sifuri ni kigawe cha 6 au si kigawe? Jibu kwa mama wa Kisumu

SWALI: Mwalimu, hujambo. Binti yangu yuko Gredi ya 5 hapa Kisumu. Aliambiwa aandike vigawe vitano vya 6, akaandika 0, 6, 12, 18, 24. Ile sifuri ikawekewa alama ya kosa. Jirani yake wa dawati aliandika 1, 2, 3, 6 akakosa zote. Jioni walikuja wote wawili kuniuliza, nikashindwa kuwaeleza. Je, sifuri ni kigawe au si kigawe? Na nitajuaje kwamba namba kubwa, tuseme 4,572, ni kigawe cha 3 bila kuanza kuigawa? Halafu kuna hii LCM, yaani kigawe kidogo cha shirika, inayowasumbua. Chama chetu kina sherehe mwezi ujao na mimi ndiye nitakayenunua soda na mayai. Nimeambiwa LCM ingenisaidia. Ni kweli? Nieleze kwa njia ambayo nami nitaweza kuwafunza. – Mama wa Gredi ya 5, Kisumu

JIBU: Sijambo, mama. Nianze na lile la sifuri, maana mtoto anapowekewa kosa mahali alipofikiri vizuri huacha kufikiri. Binti yako hakukosea. Sifuri ni kigawe cha 6, na ni kigawe cha kila namba nzima.

Kigawe cha 6 ni jibu lolote unalopata ukizidisha 6 kwa namba nzima. Namba nzima ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Sita mara tatu ni 18, kwa hiyo 18 ni kigawe cha 6. Sita mara sifuri ni 0, kwa hiyo 0 nayo imo. Ukitaka kulitazama kwa upande wa pili: namba ni kigawe cha 6 ikiwa unaweza kuipanga mafungu ya sita sita na kusiwe na baki. Mpe binti yako vifuniko 18 vya soda avipange mezani. Atapata mafungu matatu na hakuna kinachobaki. Mwongezee viwili viwe 20. Mafungu ni yale yale matatu, lakini viwili vimekosa fungu, basi 20 si kigawe cha 6. Sasa viondoe vyote. Mafungu ni sifuri, baki ni sifuri. Hakuna kilichokosa fungu, na hilo tu ndilo tulilokuwa tunauliza.

Kuna sababu nyingine, nayo kwangu ina uzito zaidi. Vigawe vya namba moja vikijumlishwa huzaa kigawe cha namba ile ile, na vikitolewa kimoja kwa kingine huzaa kigawe pia. Chukua 42 na 18, vyote vigawe vya 6. Jumla yao ni 60, tofauti yao ni 24, na zote mbili zinagawika kwa 6. Kanuni hii tutaitumia tena huko mbele kwa sababu ni chombo kizuri mno. Lakini toa 42 kwenye 42 uone: unapata 0. Tukiifukuza sifuri, kanuni inavunjika kila mara unapotoa namba kwenye namba iliyo sawa nayo. Hisabati haiwezi kukubali kanuni yenye tundu la aina hiyo.

Mbona basi ikawekewa kosa? Vitabu vingi vya shule za msingi huorodhesha vigawe kuanzia kwenye namba yenyewe: 6, 12, 18, 24, 30. Wanafanya hivyo kwa kuwa mtoto anazidisha kwa namba za kuhesabia, zinazoanza na 1. Utaratibu huo unafaa darasani, ila swali lingepaswa kuutaja. Ushauri wangu ni huu: kwenye mtihani, akiulizwa “vigawe vitano vya kwanza vya 6” bila maelezo zaidi, aanze na 6, kwa sababu ndicho msahihishaji anachotarajia. Na wewe, ukipata nafasi, mwone mwalimu wake kwa heshima umwonyeshe 6 × 0 = 0. Walimu wengi hufurahi mzazi anapokuja na hoja badala ya malalamiko.

Huyo jirani wa dawati yeye aliandika vigawo. Hivyo ni namba zinazoigawa 6 bila baki: 1, 2, 3 na 6, basi. Orodha ya vigawo inafika mwisho, na hakuna kigawo cha 6 kinachoizidi 6. Vigawe vinakwenda upande wa pili, vinapanda bila kikomo. Ukitaja kimoja, nitaongeza 6 juu yake nipate kingine. Watoto huchanganya mambo haya mawili kwa sababu ni uhusiano mmoja unaotazamwa kutoka ncha mbili. Ukisema 6 ni kigawo cha 42, umeshasema 42 ni kigawe cha 6. Usiwafanye wakariri maana mbili zilizotengana. Waandikie 6 × 7 = 42 kwenye karatasi, uwaulize: nani anagawa hapa, nani anagawika? Wakijibu hilo mara chache, mkanganyiko huisha. Namba 6 yenyewe huonekana kwenye orodha zote mbili, kwa kuwa 6 × 1 = 6, na hilo lisiwatishe.

Kosa lingine hujalisema, lakini nakutana nalo kila mwaka hapa Nakuru na ningependa umkinge nalo mapema. Mtoto anafunzwa kwamba vigawe vya 4 hupatikana kwa kuruka nne nne. Ni kweli, mradi aanzie kwenye 0 au kwenye kigawe kingine. Tazama michezo. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 kule Rio de Janeiro. Olimpiki nyingine ikapangwa 2020, ikafuata ya Paris 2024, na ijayo ni 2028. Miaka hiyo yote ni vigawe vya 4. (Ile ya 2020 ilifanyika 2021 kwa ajili ya korona, na 2021 si kigawe cha 4.) Sasa Kombe la Dunia la wanaume: 2014, 2018, 2022, 2026. Nalo huja kila baada ya miaka minne, lakini hata mwaka mmoja kati ya hiyo si kigawe cha 4. Gawa 2022 kwa 4 upate 505, baki 2. Gawa 2026, baki 2 tena. Anayeanza na baki akaruka nne nne atabeba baki ile ile safari nzima. Mwulize binti yako uchaguzi wetu mkuu wa 2017, 2022 na 2027 una baki gani ukigawa kwa 5. Atakuta 2 kila mara, na akiona hivyo ameelewa jambo ambalo hata wanafunzi wakubwa hulipita.

Tuje kwenye 4,572. Njia ya 3 ni kujumlisha tarakimu: 4 + 5 + 7 + 2 = 18. Kwa kuwa 18 ni kigawe cha 3, 4,572 yenyewe ni kigawe cha 3. Hii watoto wengi wanaijua. Wachache wameelezwa sababu, na bila sababu inabaki kama uganga.

Sababu ni kwamba 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, na 1,000 ni 999 na 1. Zile 9, 99 na 999 zote ni vigawe vya 3. Kwa hiyo kila elfu moja uliyonayo ni 999 isiyo na shida na moja iliyobaki. Elfu nne zinakuachia 4. Mia tano zinakuachia 5. Makumi saba yanakuachia 7. Mamoja ni 2. Mengine yote yameshapangika mafungu ya tatu tatu, na kilichobaki mkononi ni 4, 5, 7 na 2, yaani tarakimu zenyewe. Ukizijumlisha zikapangika tatu tatu, kazi imekwisha. Na kwa kuwa 9, 99 na 999 ni vigawe vya 9 pia, kipimo hiki kinafaa kwa 9 vilevile: 18 ni kigawe cha 9, basi 4,572 ni kigawe cha 9. Hakiki kwa kuzidisha: 9 × 508 = 4,572.

Kipimo hiki hata kinakwambia baki. Chukua 7,351. Jumla ya tarakimu ni 16. Ukigawa 16 kwa 9 baki ni 7. Gawa 7,351 yenyewe kwa 9 nawe utapata 816, baki 7. Mwache binti yako ajaribu na namba za risiti au za tiketi. Ni mchezo, na unafundisha kuliko kukariri.

Njia za 2, 5 na 10 hutazamwa kwenye tarakimu ya mwisho peke yake, bila shaka anazijua. Ya 4 hutazamwa kwenye tarakimu mbili za mwisho, kwa sababu 100 ni kigawe cha 4 na mamia hayana neno: katika 4,572 tazama 72 tu. Ya 6 inataka namba ipite kipimo cha 2 na cha 3. Hapo kuna mtego. Mtoto akishajua kwamba 2 na 3 zinatosha kwa 6, huamua kwamba 2 na 4 zinatosha kwa 8. Hazitoshi. Namba 12 ni kigawe cha 2 na cha 4, lakini 8 haiingii. Mbinu ya kuunganisha vipimo viwili inafaa tu pale namba hizo mbili hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa 7 sina njia ya mkato ninayoipendekeza kwa Gredi ya 5. Tumia ile kanuni ya kujumlisha. Ni 434? Ivunje iwe 420 na 14. Zote ni vigawe vya 7, basi na jumla yao ni kigawe cha 7.

Sasa sherehe ya chama. Hujaniambia idadi ya wageni, kwa hiyo tuseme ni 110, kila mmoja apate soda moja na yai moja. Kreti ya soda ina chupa 24, trei ya mayai ina 30. Soda utazipata kwa vigawe vya 24: 24, 48, 72, 96, 120. Mayai kwa vigawe vya 30: 30, 60, 90, 120. Namba ya kwanza inayoonekana kwenye orodha zote mbili, tukiacha 0, ni 120. Hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika, ndiyo LCM yao. Kreti 5 na trei 4 zinakupa soda 120 na mayai 120, sawa kwa sawa. Sifuri tunaiacha hapa kwa makusudi: imo kwenye kila orodha, kwa hiyo ingekuwa jibu la kila swali, na jibu la namna hiyo halikununulii kitu.

Kama orodha ni ndefu, kuna njia fupi. Tafuta kigawo kikubwa zaidi kinachoingia kwenye 24 na kwenye 30. Ni 6. Gawa 24 kwa 6 upate 4, kisha zidisha 4 kwa 30. Ni 120 ile ile.

Lakini aliyekwambia LCM itakusaidia amekwambia nusu ya jambo, na hapa naomba uwe makini kwa ajili ya pesa za chama. LCM inajibu swali moja: ni kwa idadi gani soda na mayai yanakutana bila kimoja kuzidi kingine? Wewe sokoni unauliza swali tofauti: ninunue kiasi gani kitoshe? Kwa wageni 110 majibu yameangukia pamoja kwenye 120. Wageni wakiwa 130, LCM ingekupeleka kwenye kigawe kinachofuata cha 120, yaani 240. Hiyo ni kreti 10 na trei 8 kwa watu 130, na wanachama watakudai maelezo. Hapo tafuta kigawe cha 24 kilicho karibu zaidi juu ya 130, ambacho ni 144, na cha 30, ambacho ni 150. Kreti 6, trei 5. Zitabaki soda 14 na mayai 20, na hasara hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ile ya kwanza.

Ukiongeza sahani za karatasi za pakiti ya 50, LCM ya vyote vitatu inaruka hadi 600. Hakuna anayenunua vitu vya watu 600 ili tu sahani zisibaki. Kwa wageni 110 chukua pakiti tatu, zitakazobaki zihifadhiwe kwa kikao kinachofuata, sahani haziozi. Ila mayai ndiyo ya kupigia hesabu kwa uangalifu, hasa kwa joto la Kisumu.

Hesabu hiyo ya ununuzi mfanye pamoja na binti yako kabla hujaenda sokoni. Aandike orodha mbili, azungushie 120, halafu umbadilishie idadi ya wageni iwe 130, uone kama atakimbilia 240 au atasimama kwanza aulize swali ni lipi.