Bunduki ya kuwindia ya kiwandani: sentimita ngapi kwa mita 100 ndiyo haki yako?

Mkuu, umeuliza kama bunduki yako mpya ya .30-06 (namba hizi ni aina ya risasi inayotumia) ni mbovu kwa sababu kiwanda kimeandika MOA 1, yaani kipimo cha pembe kinachoonyesha risasi zinatawanyika kiasi gani, na wewe ukipiga risasi tano kwa mita 100 matundu yanatawanyika sm 4 hadi 5. Kuna mtu ameshakushauri ubadilishe mtutu. Usibadilishe chochote. Kwa maelezo uliyotoa bunduki hiyo ni nzima kabisa.

Tuanze na ahadi yenyewe. MOA 1 ni sm 2.9 kwa mita 100, na sm 5.8 kwa mita 200. Kampuni ya Tikka wanatoa ahadi hiyo kwa risasi tatu. Kampuni ya Weatherby kwa bunduki yao ya Vanguard nao wanazungumzia risasi tatu, mtutu ukiwa wa baridi, na risasi zao wenyewe au za daraja la juu. Hakuna anayekuahidi risasi kumi mfululizo, wala boksi lolote utakalolikuta dukani. Weatherby haohao kwa miaka mingi waliahidi inchi 1.5 kwa yadi 100, na bunduki hizo zilikuwa zinahesabika kati ya nzuri za kuwindia.

Tatizo kubwa ni hesabu ya risasi tatu. Chukua bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu (kundi ni matundu ya risasi zilizolengwa sehemu moja, hupimwa kwa matundu mawili yaliyo mbali zaidi) yana wastani wa sm 2.5. Bunduki hiyohiyo, mpigaji yuleyule, itakupa wastani wa karibu sm 3.2 ukipiga tano, na sm 4 ukipiga kumi. Hakuna kilichoharibika. Kila risasi unayoongeza inaweza kutoka nje ya zilizotangulia, haiwezi kulipunguza kundi. Na makundi ya risasi tatu yanarukaruka sana: leo asubuhi sm 1.6, baada ya nusu saa sm 3.4, vyote ni vya kawaida kwa bunduki hiyo ya wastani wa 2.5. Picha unazoziona mitandaoni ni za hiyo 1.6.

Kwa hiyo matarajio yangu ni haya, kwa risasi za kiwandani, ukiwa umeegemea mifuko ya mchanga, makundi ya risasi tano kwa mita 100. Kwa .270, .308 na .30-06 zenye mtutu mwembamba, sm 3.5 hadi 5 ni bunduki nzuri. Ikishuka chini ya 3 kila mara, una kitu adimu, itunze. Kati ya 5 na 6 bado inawinda bila wasiwasi, ila tafuta sababu. Ikizidi 7 kuna kitu kimelegea au risasi haziendani na mtutu. Kwa .375 H&H tegemea sm 4 hadi 6, na hapo bega lako linachangia kuliko mtutu. BRNO ya zamani ya .458 inayotawanya sm 7 au 8 usiidharau, kazi yake iko ndani ya mita 50.

Linganisha na mnyama. Eneo la moyo na mapafu la swala pala, ukilichukulia kwa tahadhari, lina upana wa karibu sm 15. Bunduki ya MOA 2 kwa mita 200 inatawanya sm 12 hivi, yaani sm 6 kila upande kutoka katikati. Inatosha, ilimradi darubini imeziroiwa (imerekebishwa risasi ipige unapolenga) sawasawa na mpigaji hajaongeza makosa yake. Na hapo ndipo penyewe: ukisimama na fito tatu za kuegemezea bunduki, moyo unadunda baada ya kutembea, wengi hawawezi kuweka risasi zote ndani ya sm 10 kwa mita 100. Tofauti ya MOA 1 na 1.5 inamezwa yote humo. Atakayetumia pesa ya mtutu mpya kununua risasi za mazoezi ya kupigia kwenye fito atafaidika mara kumi.

Sasa namna ya kuipima kwa haki. Unahitaji uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, boksi mbili za risasi 20 zenye namba moja ya bechi, mfuko wa mchanga mbele na mwingine mdogo chini ya kitako. Kabla ya kupiga, hakikisha haina risasi, kisha pitia skrubu zote kwa toki renchi ndogo. Skrubu za ringi za darubini ziwe kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha ukazaji) 1.7 na 2.3, zinazofunga mtambo (chuma kinachobeba bolti) kwenye kitako huwa kati ya Nm 4 na 7 kutegemea kitako ni cha mbao, plastiki au kina kizuizi cha alumini, kwa hiyo fuata kijitabu cha bunduki yako. Funga ya mbele kwanza. Bunduki nyingi zinazolalamikiwa zingeponea hapa.

Futa mafuta yote ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu. Piga mbili za kuuzoesha, usizihesabu. Mfuko wa mbele ukae chini ya mti wa mbele wa kitako, kamwe si chini ya mtutu wenyewe. Piga tano, taratibu, kisha fungua bolti, iweke bunduki kivulini mpaka mtutu ukiushika hauna joto kuliko hewa. Asubuhi inaweza kuchukua dakika 10 au 15. Jua la saa sita hata nusu saa. Rudia mpaka upate makundi manne, kila moja kwenye karatasi yake, na usirekebishe darubini katikati hata kidogo. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha tundu moja. Wastani wa hayo manne ndio uwezo wa bunduki na wewe pamoja. Ukisema "ile moja nilijua nimekosea, siihesabu", basi hupimi tena.

Karatasi zenyewe zitakueleza ugonjwa. Matundu yakipanda juu au kwenda upande mmoja kwa mpangilio kadiri mtutu unavyopata joto, mara nyingi mtutu unagusa kitako. Pitisha karatasi iliyokunjwa kati ya mtutu na mti wa mbele, kutoka mdomoni kuelekea kwenye chemba. Ikikwama mahali, umeshapata mshukiwa. Ila baadhi ya viwanda huacha kwa makusudi kinundu kidogo cha kugusa mtutu karibu na ncha ya mti wa mbele, kwa hiyo usikimbilie kukwangua. Vitako vya mbao vina tabia nyingine: bunduki iliyokaa Tanga kwenye unyevu ikipelekwa pori la Rungwa kiangazi, mbao hukauka na kujikunja, na mapigo yanahama. Ndiyo maana kila anayefika kambini anapaswa kupiga karatasi kabla ya kwenda porini.

Makundi mawili madogo yaliyoachana ni dalili ya darubini au besi yake (kipande kinachoishikilia kwenye bunduki) inayocheza. Kuipima darubini, piga risasi moja, zungusha kirekebishi cha darubini kliki 20 kwenda juu, piga. 20 kulia, piga. 20 chini, piga. 20 kushoto, piga. Kwa darubini ya robo MOA kwa kila kliki, kila upande wa mraba huo uwe karibu sm 14.5 kwa mita 100, na risasi ya tano irudi jirani na ya kwanza. Isiporudi, usilaumu mtutu.

Utawanyiko usio na mpangilio wowote, angalia risasi kwanza. Mtutu mmoja unaweza kupenda kichwa cha grein (kipimo cha uzito) 165 na kukataa cha 180 cha kampuni ileile. Jaribu aina tatu tofauti kabla ya hukumu. Kisha kagua ukingo wa mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia: mikwaruzo hapo husababishwa na fimbo ya kusafishia inayoingizwa kutoka mbele. Toa bolti, safisha kutoka nyuma.

Kuna pia kushtuka, hasa kwa .375 ambayo teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Mpe mwenzako achanganye risasi bandia kati ya za kweli bila wewe kujua. Mdomo wa bunduki ukiinama unapovuta triga na hakuna kilicholia, umeona zilikokwenda zile sm 2 za ziada.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa bunduki ya kuwindia ni risasi ya kwanza ya mtutu wa baridi. Mnyama hatakusubiri mpaka ya tatu. Tenga karatasi moja, na kila siku ya uwanja piga juu yake risasi moja tu, ya kwanza kabisa, kisha iweke. Baada ya siku tano au sita za hivyo una kundi la kweli. Zikiwa zote ndani ya sm 5 mahali unapotaka, iwe sm 5 au 6 juu ya katikati kama unaziroi kwa karibu mita 200, hapo hakuna swala wa mita 200 wa kuilaumu bunduki.

Ukishapiga makundi yako manne, weka hapa vipimo vyote vinne pamoja na aina ya risasi na uzito wa kichwa, si lile zuri peke yake, tuangalie.