ZZ Top: ung'avu wa sauti ulitoka kwenye masta au kwenye ngoma?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasikiliza sana ZZ Top, ile bendi ya roki ya Texas. Nikiweka albamu yao Tres Hombres ya 1973 halafu Eliminator ya 1983, watu ni walewale watatu, lakini ya kwanza ina vumbi na ya pili inang'aa kama kioo. Nina bendi hapa Arusha na tumesharekodi nyimbo sita. Je, nikipata fundi mzuri wa kufanya masta, tutafikia sauti ya Eliminator?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa masta peke yake, yaani ile hatua ya mwisho ya kusawazisha wimbo ulioshaunganishwa, hamtaifikia, na ZZ Top wenyewe ndio ushahidi wangu.

Baada ya Eliminator kuuza mamilioni, mwaka 1987 albamu zao za zamani zilitolewa kwenye CD ndani ya kasha moja, The ZZ Top Sixpack. Ukiacha El Loco, zote zilimiksiwa upya, yaani sauti za vyombo zilipangwa na kuunganishwa upya, ili zifanane na sauti mpya: ngoma zikafanyiwa ukarabati na kumwagiwa mwangwi wa kidijitali. Sikiliza "La Grange", wimbo wa Tres Hombres, kwenye kasha lile. Gitaa liko karibu na sikio lako, ngoma zinalia kutoka ukumbi mwingine kabisa. Mashabiki walilalamika kwa miaka mingi, hadi 2006 miksi ya asili ya Tres Hombres iliporudishwa kwenye CD. Na kumbuka, wale mafundi walikuwa na kila treki mkononi, yaani rekodi ya kila chombo peke yake. Fundi wa masta hana hata hizo. Anapokea wimbo ulioshaunganishwa, kushoto na kulia, basi.

Siri haiko kwenye mikono mipya pia. Mtayarishaji wa albamu zote mbili ni Bill Ham. Terry Manning alikuwa fundi mitambo katika zote mbili, na studio ya Ardent ya Memphis ilitumika katika zote mbili. Kilichobadilika ni mwendo wa ngoma, na kilibadilika kabla gitaa halijarekodiwa.

Rudi kwenye "La Grange" ya asili. Frank Beard anagonga ukingo wa ngoma kwa mdundo wa shafo, pigo refu likifuatwa na fupi, ule mchezo wa bluzi. Bendi inapoingia kwa nguvu, unasikia watu watatu wakisukumana. Sasa weka "Gimme All Your Lovin'" ya Eliminator. Shafo hakuna, mapigo yamenyooka, karibu 120 kwa dakika. Linden Hudson, fundi aliyefanya kazi na bendi wakati wa maandalizi, alichunguza nyimbo zinazovuma, akaona nyingi zinakaa karibu na mwendo huo, akawaelekeza huko. Jina lake halikuandikwa kwenye albamu, na mimi kama mtu wa kazi hiyohiyo jambo hilo linaniuma.

Kwenye Eliminator mwendo huo ulishikwa na mashine ya ngoma, na mashine ikishashika mwendo, mengine yote yanawezekana. Besi ya sinthesaiza, kinanda cha kielektroniki, inafungwa kwenye mapigo yaleyale: sikia kwenye "Legs" jinsi noti fupi zinavyofuatana bila hata moja kuchelewa. Kila chombo kinarekodiwa peke yake, kinarudiwa mpaka kikae sawa. Zaidi ya hapo, mashine haivuji. Mkipiga pamoja chumba kimoja, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inaingia kwenye maikrofoni ya gitaa, matoazi yanaingia kwenye ya sauti, na sehemu kubwa ya vumbi unalolisikia ni huo uvujaji. Usipokuwepo, anayemiksi anaweza kupandisha ngoma ya mguu bila kupandisha kingine chochote.

Lakini angalia walichokiacha kichafu: gitaa la Billy Gibbons. Bado linakwaruza, bado analifanya lipige mluzi kwa kuugusa uzi na ukingo wa kidole gumba mara baada ya kuupiga, bado noti zake zinachelewa kidogo nyuma ya pigo. Juu ya mashine isiyoyumba, kuchelewa huko kunasikika wazi kuliko 1973. Ndiyo maana naipenda Eliminator. Afterburner ya 1985 iliongeza sinthesaiza, gitaa likabanwa, na kwa sikio langu hapo walipitiliza.

Kuhusu nyimbo zenu sita: kama mlizipiga pamoja chumba kimoja bila klik, ule mlio wa kuongoza mwendo, ziacheni na vumbi lake. Mwambie fundi wa masta asawazishe tu ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo. Wimbo wa saba ndio muujaribu kwa njia hii. Amueni mwendo kwanza, wekeni klik kwenye hedifoni za mpiga ngoma, rekodini ngoma peke yake, kisha besi juu yake mpaka ikae pamoja na ngoma ya mguu. Gitaa lije mwisho, na mpigaji apige kwa mkono wake wa siku zote. Msimnyooshe kwenye kompyuta.