Usifupishe viungo vya makala zako kwa jina la mtu mwingine

Simamisha kwanza hiyo kazi. Umeandika kwamba unatafuta huduma nzuri ya bure ya kufupisha viungo vya makala zako za ufugaji, uvisambaze Facebook na WhatsApp, ujue vimebonyezwa mara ngapi, kisha uvichapishe kwenye kalenda huko Arusha. Mimi nilifanya hayo hayo hapa Moshi, na hasara yake sijamaliza kuilipa.

Kiungo kifupi ni jina lililoandikwa kwenye daftari la kampuni fulani. Msomaji akikibonyeza, seva yao hutafuta jina hilo daftarini, huiona anwani yako ndefu, ndipo humpeleka kwako. Daftari likifungwa, makala inabaki salama kwenye tovuti yako, lakini njia uliyowagawia watu haifiki tena.

Aliyenipotosha ni mkufunzi wa masoko ya mtandaoni, ambaye tulimlipa ada kamili kwa semina ya siku mbili. Alitusisitizia kwamba kiungo kirefu kinafukuza wasomaji, wala hakutamka hata mara moja kwamba huduma ya bure inaweza kufa. Hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu mtu anayejiita mtaalamu alipaswa kulisema kabla ya mengine yote.

Nilifupisha viungo vya makala zangu zote za kahawa, nikachapisha vipeperushi 2,000 vya kutambua magonjwa ya mibuni, chulebuni na kutu ya majani, nikavigawa kuanzia Kibosho hadi Marangu. Mwaka wa pili kampuni ile ilifungwa na jina lake likachukuliwa na watu wengine. Nilijua siku mzee mmoja wa Kibosho aliponipigia simu: "Mwanangu, nimefungua ile karatasi yako ya mibuni, mbona inaniambia niweke dau la mpira?" Kesho yake nilipanda kwenda kwake, nikaikuta karatasi imebandikwa kwa uji wa unga kwenye mlango wa stoo, na kiungo changu amekizungushia duara kwa kalamu nyekundu ili mjukuu wake asikikose. Niliona aibu kubwa.

Machapisho ya Facebook niliyahariri moja moja, usiku baada ya usiku. Ujumbe wa WhatsApp hauhaririki baada ya dakika 15, na ule ambao watu wameshausambaza huwezi kuufuata. Karatasi ndiyo kabisa.

Usitegemee ukubwa wa kampuni. Google yenyewe iliacha kutengeneza viungo vipya vya goo.gl, huduma yake ya kufupisha viungo, mwaka 2019. Mwaka 2010 jina vb.ly, la huduma nyingine ya kufupisha viungo, lilizimwa na wasimamizi wa majina ya tovuti wa Libya, waliokuwa na uwezo huo kwa kuwa majina yanayoishia na .ly ni ya nchi hiyo, jambo ambalo wengi wanaoyatumia hawalijui.

Kiungo chochote kinachotoka mkononi mwako kibebe jina unalolimiliki. Sajili jina lako la tovuti linaloishia na .co.tz, ulilipie kila mwaka bila kuchelewa, kisha ndani ya tovuti yako tengeneza njia fupi, mathalani jina lako likifuatiwa na /ndama, uielekeze kwenye makala. Siku ukiihamisha makala, mwelekeo unaubadilisha wewe mwenyewe, na karatasi iliyoko ukutani kwa mtu inaendelea kufanya kazi.

Umesema kalenda zinaingia mashineni Ijumaa. Mpigie mchapaji leo.