Banda la kona au la katikati, kwa muuza asali kwenye maonyesho ya Nane Nane, viwanja vya Ipuli, Tabora
Chukua la kona, mkuu. Banda la mita 3 kwa 3 lililobanwa katikati ya safu liko wazi mbele tu. La kona liko wazi pande mbili, watu wanaiona asali yako kabla hawajakufikia. Mimi huleta mawese hapo Ipuli kutoka Kigoma, na wa kona ndio huwa tunawahi kumaliza mzigo.

Ila kabla hujalipia, nenda kaangalie linatazama wapi. Likitazama magharibi, jua la saa tisa litaingia mpaka mezani. Asali ikipata moto inalegea, mteja akiinamisha chupa anaiona inatiririka kama maji, basi keshasema umechakachua, na hapo hata umweleze vipi hakuelewi. La kutazama mashariki ni salama zaidi. Kona iliyo jirani na spika za jukwaa iache hata wakikupunguzia bei, maana hamtasikilizana na mteja.

Bango liwe juu ya vichwa vya watu. Ukilitundika mbele ya meza, wakisimama watatu tu halionekani tena. Na vumbi la Agosti unalijua, beba kitambaa cha kufutia chupa.