Jibu: Insha ya China imenishinda, tarehe zimekuwa nyingi

Pole ndugu. Nimekuelewa: umepanga tarehe zote za historia ya China tangu mapinduzi ya 1911, na mhadhiri amekurudishia insha akisema haina hoja. Yalinikuta hayohayo mwaka wa pili chuoni.

Achana na orodha, shika kijiji kimoja. Xiaogang, mkoani Anhui, mwishoni mwa 1978: wakulima 18 walikutana kwa siri, wakagawana mashamba ya komuni (yaliyolimwa kwa pamoja chini ya serikali) kaya kwa kaya, wakatia dole gumba kwenye karatasi. Waliahidiana kwamba kiongozi akifungwa, wenzake watamlelea watoto mpaka wafike miaka 18. Watu hao walikuwa wameshaonja njaa ya 1959 hadi 1961. Sasa unamwona Mao, kiongozi aliyeleta komuni, na Deng Xiaoping, aliyeongoza mageuzi ya uchumi baada yake, ndani ya karatasi moja! Kisha rukia Shenzhen, mji wa kusini uliofanywa kanda maalumu ya uchumi (eneo lililofunguliwa kwa wawekezaji wa nje) mwaka 1980.

Ila usiandike kwamba siasa nazo zililegezwa kama uchumi. Juni 1989 pale Tiananmen, uwanja wa Beijing ambako jeshi liliwazima kwa risasi waandamanaji waliodai demokrasia, itakuumbua. Na idadi ya waliokufa kwa njaa, wanahistoria hawaelewani, kwa hiyo muulize mhadhiri anakubali makadirio yapi kabla hujaweka namba.