Skuta ya umeme kwenye umati: anza na mwendo wa kobe

Dada yangu, unasema unaogopa kugonga watu ukikodi skuta ya umeme (kile kigari cha kukalia cha wanaotembea kwa shida) kwenye bustani ya burudani, na unaona haya kutazamwa ilhali miguu bado inatembea kidogo. La kutazamwa liache. Kila mtu pale ana foleni yake ya kuwaza. La kugonga ndilo la kujipanga.

Ukikabidhiwa skuta, usiondoke papo hapo. Tafuta kitufe cha mwendo, mara nyingi kina picha ya kobe na sungura, ukiweke kwa kobe. Kisha zoea kuachia. Skuta nyingi huenda ukibonyeza kijiti kilicho kwenye usukani, na ukikiachia zinafunga breki zenyewe. Kwa hiyo ukishtuka, legeza vidole. Wengi hukaza mkono bila kujua, na skuta ndiyo inazidi kwenda.

Kurudi nyuma ndiko kugumu (mimi bado sipendi), kwa hiyo geuza shingo kwanza. Mteremko ushuke ukiwa umenyooka, si kimshazari. Watoto hukatiza ghafla, acha nafasi mbele. Ukiegesha, chomoa ufunguo.